Posa Hutaka Mlango

Ukitaka kujua Karachi ina wanawake wangapi, usihangaike na takwimu za serikali. Nenda uchochoro wa watia rangi kabla msimu wa harusi haujafunguka. Kila mwanamke wa mji huu ana gauni jipya, na kila gauni linadai mtandio wa rangi yake. Si rangi inayokaribia, rangi yake. Mitandio myeupe inazama kwenye masufuria yanayochemka, inatoka ya manjano, ya waridi, ya moshi, na wenyewe wamebanana mbele ya vibanda na vipande vya kitambaa mkononi, kila mmoja anaapa kwamba yeye ndiye aliyetangulia. Mvuke unanuka siki. Pikipiki zinapita katikati ya watu hao hao. Mimi nimekwenda pale mara nyingi na sijawahi kurudi bila kukanyagwa.

Zarqa siku hiyo alikuwa amekanyagwa vya kutosha. Alikuwa mwanamke mfupi, mkakamavu, nywele zimekatwa usawa wa masikio, raba miguuni na mkoba wa kamera begani. Alipopewa mtandio wake wa kijani hafifu, aliutazama kwa mashaka, kisha akamgeukia mtu wa kwanza aliyekuwa karibu naye.

"Dada, samahani. Hebu niangalizie. Huu mtandio na hiki kipande cha gauni langu ni kitu kimoja, au huyu bwana ananiibia mchana kweupe?"

"Umeona miwani yangu ilivyo minene, na bado unaniuliza mimi?"

"Nimekuuliza kwa sababu ya miwani. Mtu aliyelipia macho yake huyatumia."

Yule dada akacheka bila kupenda. Jina lake Tehmina, mrefu, mwembamba, msuko mmoja mpaka kiunoni, gauni la samawati lililopigwa pasi kwa hasira, na chaki kidogo kwenye mkono wa kulia ambayo hakuwa na habari nayo. Alichukua vile vitambaa viwili, akatoka navyo juani, akavikunja pamoja.

"Kivulini ni mtu na pacha wake," alisema. "Juani ni mtu na binamu yake wa mbali. Bwana, ulitia chumvi ya kukamatisha rangi?"

"Mwalimu, kama unajua zaidi njoo ushike mwiko," alijibu mtia rangi bila kuinua kichwa.

"Harusi ni ya mchana?" Tehmina alimuuliza Zarqa.

"Ya jioni."

"Basi chukua. Taa za ukumbini zimeficha makubwa kuliko hayo. Nani anaolewa?"

"Sijui hata jina. Mimi napiga picha harusi za watu, upande wa wanawake. Nikienda na shati wananiuliza mwenye kamera yuko wapi, kwa hiyo navaa mtandio ili niaminike."

Wakatoka pamoja, wakasimama kwenye kibanda cha juisi ya miwa. Zarqa akajua kwamba Tehmina anasomesha kemia chuo cha wasichana, na anaishi na mama yake mjane mtaa wa Nazimabad. Tehmina akajua kwamba Zarqa ametoka mji wa Sargodha na analala hosteli ya wanawake ambayo geti lake hufungwa mapema kuliko maduka. Zarqa akatoa simu.

"Nikuandike nani?"

"Tehmina."

"Akina Tehmina ni wengi. Nitaandika Tehmina Chaki."

Tehmina akatazama mkono wake, akaona, akaona haya, na haya hiyo ilimpendeza mwenzake kuliko mtandio.

*

Simu zilianza kwa visingizio. Zarqa aliuliza namna ya kutoa doa la hina. Tehmina aliuliza kamera nzuri ni ipi, na hakuwa na haja ya kamera hata kidogo. Baada ya muda visingizio vikawachosha, wakawa wanapigiana tu.

"Uko wapi?"

"Ukumbini. Bwana harusi kachelewa, bibi harusi analia, mama mkwe anakula."

"Na wewe?"

"Nakuwaza."

"Sema kweli."

"Nakuwaza huku nakula. Ngoja, Almas anataka kukusalimia."

Almas alikuwa mpambaji wa maharusi aliyefanya kazi na Zarqa. Ni khwaja sira, mmoja wa wale waliozaliwa wakaitwa wana wa kiume na wakaishi kama wanawake, wana makungwi wao na wari wao, na hakuna harusi nzuri mjini kwetu ambayo hawajaigusa. Alikuwa na sauti nene na mikono laini. Zarqa alipofika Karachi hana mtu, Almas ndiye aliyempa kazi, mto wa kulalia, na matusi ya kumchangamsha.

"Wewe ndiye Chaki?" Almas aliuliza simuni. "Huyu mtoto anakutaja mpaka namkosea bibi harusi nyusi. Njoo umchukue au umwache, lakini fanya moja."

Sasa nchi yetu ina mambo yake. Binti akionekana na mvulana kwenye duka la vitabu, mtaa mzima unakosa usingizi. Binti huyo huyo akija na rafiki yake wa kike, wakajifungia chumbani kutwa nzima, mama huwabishia mlango kuwauliza kama wanataka maziwa. Mama Qudsia, mama yake Tehmina, alikuwa akiwaletea maziwa yenye zafarani. Alimpenda Zarqa tangu siku ya kwanza kwa sababu alikula bila kubembelezwa.

Ilikuwa juu ya paa la nyumba hiyo, katikati ya mashuka yaliyoanikwa, Zarqa aliposema.

"Nikikwambia jambo utanifukuza?"

"Inategemea. Ikiwa umemaliza achari ya mama, ndiyo."

"Nakupenda. Si kama rafiki."

Tehmina alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena. "Zarqa, miezi yote hii nimekuwa nikiamka alfajiri kukufungia chakula cha kazini. Wewe ulidhani nafanya nini, kemia?"

Walicheka mpaka wakashikana, na waliposhikana hawakuachiana upesi.

*

Penzi likikolea hutaka pa kukaa. Zarqa hakuwa na pa kukaa tangu kaka yake aliposoma ujumbe kwenye simu yake, na baba yao akatamka mbele ya wote kwamba nyumba ile haina binti wa jina hilo. Hakupigwa. Alifunguliwa mlango tu, mlango ukafungwa nyuma yake. Tangu siku hiyo alipiga picha za watu wakiingia majumbani mwao, akarudi hosteli kuonyesha kitambulisho kwa mlinzi.

Wakaanza kutafuta nyumba ya kupanga.

"Nyumba ni ya familia," alisema dalali wa kwanza.

"Sisi ni familia," alisema Tehmina.

"Wanaume wako wapi?"

"Kazini," Zarqa akadakia.

"Wote?"

"Wana bidii sana."

Dalali akatia funguo zake mfukoni. Wa pili akasema mabachela hawachukui. Zarqa akamwambia wao ni wanawake. "Basi ndiyo kabisa hatuchukui," alijibu. Mwingine alitaka cheti cha ndoa, mwingine alitaka barua ya baba. Walirudi kwenye pikipiki ya Zarqa wakicheka, na walipofika njia panda kicheko kilikuwa kimekwisha.

Kisha ikaja habari ya Bi Nusrat. Huyu alikuwa na mwana mhandisi huko Sharjah, na alikuwa amemwona Tehmina kwenye maulidi akapenda urefu wake. Alituma ujumbe kwamba angependa kuja kunywa chai, na kwetu hakuna asiyejua chai hiyo inapikwa kwa majani gani.

"Nitakataa," Tehmina alisema simuni.

"Umeshakataa wangapi? Mama yako atachoka. Akichoka utamwonea huruma. Ukimwonea huruma umeolewa."

"Unataka nifanye nini basi?"

Sauti ya Zarqa sasa haikuwa na mzaha. "Nataka mtu mmoja ajue. Si gazeti, si mtaa. Mtu mmoja wa kwenu ajue mimi ni nani kwako. Siwezi kuingia nyumba ya mtu tena kama mgeni wa maziwa, halafu siku moja nikaja kupiga picha harusi yako."

"Nipe mpaka Ijumaa," Tehmina alisema. Tayari alikuwa na shauri lake, na alilificha apate kumfurahisha. Hapo ndipo alipokosea.

*

Watu wa Mama Qudsia asili yao ni Lucknow, ng'ambo ya mpaka, walihamia Karachi nchi ilipogawanywa. Kwao kuna ada ya zamani: wanawake wawili waliopendana hubadilishana mitandio mbele ya jamaa, watu wakala ladu za sukari, na tangu hapo wale wawili ni wa nyumba moja. Bibi yake Tehmina alifanya hivyo na shoga yake Bi Aliya baada ya kufiwa na mume. Bi Aliya alikuja na sanduku lake, wakalala chumba kimoja, wakatafuna tambuu ya sahani moja mpaka kifo. Tehmina alikua akisikia kisa hicho, na kwake yeye hapakuwa na ndoa nzuri kuliko ile.

Ijumaa mchana nyumba ilijaa mashangazi. Tehmina alivaa gauni la waridi lenye nakshi za fedha shingoni, macho yametiwa wanja chini ya ile miwani. Zarqa alifika na gauni lake la kijani, amechana nywele kwa maji. Hakuambiwa kitu isipokuwa kwamba leo ni leo. Na kwenye kochi kubwa alimkuta Bi Nusrat, ambaye shangazi mmoja mwenye haraka zake alikuwa amemwalika bila kuuliza mtu.

Tehmina akasimama. Akautoa mtandio wake kichwani, akamfunika Zarqa mabegani. Akautwaa wa Zarqa, akajitanda.

"Mashallah," mashangazi wakapiga makofi. "Sasa ni dada wa mtandio. Leteni ladu."

"Vizuri sana," alisema Bi Nusrat huku akifuta vidole. "Tehmina hakuwa na dada, sasa anaye. Siku ya mwanangu dada wa bibi harusi atapiga picha bila malipo."

Wote wakacheka. Zarqa aliusikia ule mtandio mabegani ukiwa mzito. Kwao Sargodha wanaume hubadilishana vilemba, wanawake mitandio, na maana yake haina mjadala: mmekuwa ndugu wa damu, na yaliyo haramu kwa ndugu yamekuwa haramu kwenu. Baba yake alibadilishana kilemba na jirani. Miaka baadaye dada yake mkubwa alipendana na mwana wa jirani huyo, akaambiwa "huyo ni kaka yako", akaozwa mbali akilia. Kwa Zarqa, Tehmina alikuwa ameufunga mlango mbele ya mashahidi, kisha akamtia ladu mdomoni asiseme kitu.

Alitoka bila kuaga. Simu ya Tehmina ikamkuta barabarani.

"Umekwenda wapi? Kuna nini?"

"Nilikuomba mtu mmoja ajue. Umewaambia wanawake wote wa mtaa kwamba mimi ni dada yako."

"Lakini hiyo ndiyo..."

"Dada hamwoi dada yake, Tehmina. Kama ulitaka kuolewa Sharjah ungeniambia tu. Ningekupiga picha nzuri."

Akakata. Alikuwa na mwaliko wa kampuni moja ya harusi huko Lahore, kazi ya kudumu pamoja na chumba cha kulala. Siku zote aliukataa kwa sababu ya mtu mmoja. Sasa akaukubali.

*

Tehmina alipiga simu mpaka aliposikia sauti ya mashine peke yake. Almas alipokea mara moja, akasema, "Mwanangu analia kwenye behewa la treni ya Lahore kwa ajili yako, na mimi sina hamu na wewe," akakata. Chuoni Tehmina alimwaga asidi kwenye meza. Nyumbani hakula. Mama Qudsia alimtazama, akamtazama, mwisho akauliza.

"Zarqa yuko wapi?"

"Amekwenda."

"Mmegombana?"

"Mama, nampenda. Nampenda vile ulivyompenda baba. Ule mtandio ndio ulikuwa ndoa yangu, na yeye hakujua."

Mama Qudsia aliinuka, akaenda chumbani kwake, akafunga mlango. Akawa anakula peke yake, anampita bintiye kama mtu anavyoipita fenicha. Tehmina alijua kuna wasichana waliofungiwa ndani kwa neno dogo kuliko lile, na alingoja. Alhamisi mama yake akamwita, akamkuta amekaa kitandani na tasbihi.

"Nikueleze kitu ambacho sijamwambia mtu," alianza. "Unakijua kisa cha bibi yako na Bi Aliya. Mwisho wake huujui. Bibi yako alipokufa, Bi Aliya alivunja bangili, akavaa nyeupe, akaingia chumbani akakaa eda. Eda kamili, kama mke. Hakutoka hata kwenda kwa daktari. Mashangazi zako walisema majonzi yamempandisha wazimu. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea chakula, na nilikuwa na akili zangu. Dada hakai eda ya dada yake, Tehmina."

Tehmina akakaa pembeni ya kitanda.

"Sikuuliza. Naye hakusema. Tulinyamaza wote, na nyumba ile ilikuwa na amani kuliko nyumba yangu na baba yako, Mungu amrehemu. Siku hizi nimekaa humu kutafuta kama nina haki ya kukukasirikia. Sikuiona."

"Na Mungu, Mama?"

"Hayo nitamuuliza mwenyewe nikifika. Foleni yangu si ndefu." Akavuta kamasi. "Bi Nusrat nimeshamwambia atafute kwingine. Lakini wewe nina kesi na wewe. Mtu wa Sargodha atajuaje mambo ya Lucknow? Unasomesha mabinti wa watu kuchanganya dawa bila kuwaeleza kwanza?"

"Nilidhani anajua."

"Ulidhani. Nenda kamfuate."

*

Harusi za Lahore zina kelele kuliko zetu, na wao wanajisifu kwa hilo. Tehmina alishuka kwenye treni asubuhi, akampigia Almas, akatukanwa, akapewa anwani. Adhuhuri alikuwa kwenye lango la ukumbi, ngoma zinapigwa, bwana harusi yuko juu ya farasi, uso umefunikwa kwa nyuzi za maua. Kuingia hakukuwa taabu. Kwenye harusi ya kwetu upande wa mume hudhani wewe ni wa mke, na upande wa mke hudhani wewe ni wa mume, na wote wanakupa soda.

Zarqa alikuwa amepiga goti mbele ya farasi, jicho kwenye kamera. Tehmina akaingia katikati ya picha.

"Dada, toka, unanizibia," Zarqa alisema, kisha akainua kichwa.

"Usiniite dada," alisema Tehmina. "Nimesafiri nchi nzima kwa ajili ya neno hilo."

"Niko kazini."

"Fanya kazi. Mimi nitaongea. Bibi yangu alipokufa, Bi Aliya alimkalia eda."

Zarqa alikuwa ameinua kamera tena. Akaishusha. "Eda gani?"

"Eda ya mjane. Mpaka siku ya mwisho. Mama yangu ndiye aliyekuwa akimpelekea chakula. Zarqa, mimi sikukufanya dada. Nilikuoa mbele ya mashangazi zangu wote na wewe ukakimbia na ladu mdomoni."

"Ningejuaje? Kwetu ule mtandio ulimtoa dada yangu kwa mwanamume aliyempenda."

"Hukujua, na mimi sikueleza. Kosa ni langu. Nilitaka kukushtua kwa furaha."

"Ulinishtua kweli."

Farasi akapita. Bwana harusi akashuka, akapokewa, akaingia ndani kwa vigelegele na tarumbeta, na hakuna aliyempiga picha. Zarqa alikuwa akilia waziwazi, kamera inaning'inia shingoni. Akina mama waliopita wakadhani ni ndugu wa bibi harusi, wakampa pole.

"Na mama yako?" aliuliza alipoweza.

Tehmina akapiga simu, akampa.

"Huyo mtoro yuko?" sauti ya Mama Qudsia ikasikika. "Zarqa. Umekula?"

"Bado, Mama."

"Utakula. Sikiliza. Nataka kuja kukuposa kama watu wanavyoposwa, na ladu, na maneno yake. Nije wapi?"

"Mimi... nikirudi nitakuwa hosteli."

"Hosteli? Nimkabidhi mlinzi sinia langu? Mwanangu, posa hutaka mlango. Ningekwambia uhamie kwangu, chumba kipo, lakini utakuwa mgeni wangu milele, na mimi sitaki mgeni. Pata mlango wako, nije nibishe."

*

Basi wakarudi Karachi, wakaanza upya: madalali, ngazi, maswali yale yale. Zarqa alikuwa na majibu yake yote ya uongo tayari, mume aliyeko melini, kaka aliyeko Dubai. Mpaka alipofika mtaa wa Saddar, nyumba ya zamani yenye roshani za mbao, ya mjane Mkatoliki aitwaye Bi Philomena. Mama huyo alisimama mlangoni na mwiko, amevaa gauni la maua, anamkagua kuanzia raba mpaka nywele.

"Familia?" aliuliza.

Zarqa akafumbua mdomo kumleta yule mume wa meli, na hakuja. Alikuwa amechoka naye.

"Mume sina, na sitakuwa naye," alisema. "Nina kazi. Nina mwenzangu, ni mwalimu, atakuja kukaa na mimi. Nina mlezi wangu, ni khwaja sira, ana sauti kubwa na atakuja kila Jumapili. Hiyo ndiyo familia. Ukikataa sema sasa, kuna ngazi nyingine nataka kupanda."

Bi Philomena akafikiri. "Mnapika samaki?"

"Tunapika."

"Wa kukaanga?"

"Ndiyo."

"Afadhali. Waliotoka hapa walikuwa wakinilalamikia harufu kila Ijumaa. Chumba cha nyuma kinavuja, nakwambia mapema. Na mimi mambo ya chumbani kwa watu sikuwahi kuyapanga kwenye bei."

Zarqa alihamia peke yake kwanza, kama alivyoagizwa. Almas alikuja na mapazia, akagombana na fundi bomba, akatandika zulia. Jumapili akavaa sari ya zambarau, akaweka jasmini nywelani, akakaa kwenye kiti cha mbele kama mzee wa ukoo. Zarqa akaingia jikoni kupika chai, maana binti anayeposwa ndiye anayeileta.

Mlango ukabishwa.

"Nani?" Almas akauliza, ingawa alikuwa amewaona kutoka roshani.

"Watu wa kheri," alijibu Mama Qudsia.

"Kheri ya namna gani?"

"Fungua, mikono inaniuma na hili sinia."

Akaingia peke yake, kwa hariri nyeupe na shali ya zamani. Tehmina alibaki kwenye ngazi na Bi Philomena, kwa sababu mposaji haingii mpaka aitwe. Wale wawili wakasalimiana, wakaulizana afya, wakasifiana nguo, wakakaa. Zarqa akatoka jikoni na vikombe.

Watu wa Lucknow wakiposa hawasemi tupeni binti yenu. Wao huomba wa kwao apokelewe.

"Dada Almas," alisema Mama Qudsia, na kiburi chake chote akakiweka chini, "nimekuja kuomba. Mpokeeni binti yangu awe mtoto wa nyumba hii."

Zarqa akasimama pale pale na sinia la chai. Alikuwa ameomba kwenye milango ya watu tangu alipotoka kwao, ameomba kwa madalali na kwa walinzi. Hakuwahi kufikiri kwamba siku moja mtu mwenye ukoo na makaburi yake atapanda ngazi kuja kuomba kwake, na kwamba hivi vyumba viwili vyenye dari inayovuja vitaitwa nyumba hii.

"Tutafikiri," Almas alisema, akiona raha isiyo kifani. "Sisi hatupokei kila mtu. Binti yenu anajua kupika?"

"Wali unamshinda."

"Anajua kutii?"

"Hilo hakufundishwa."

"Sasa ana nini?"

"Ana kazi ya serikali yenye pensheni."

"Eh. Hiyo ni sifa. Lakini bado kuna wazee wa kushauriana nao, kuna..."

"Dada Almas, usiwatese," Zarqa akasema. Akatua sinia mezani, akajifuta macho kwa kiganja. Sauti yake ilitoka nzima. "Hapa hakuna wa kushauriana naye. Nyumba ni yangu, jibu ni langu. Amekubaliwa."

Akaenda mlangoni mwenyewe, akaufungua wote. Tehmina alikuwa amekaa kwenye kidato cha juu cha ngazi, Bi Philomena amemshika mkono, wote wawili wamesikia kila kitu.

"Umesikia?" Zarqa alimuuliza.

"Sijasikia. Rudia."

"Ingia ndani, mke wangu. Chai inapoa."

Tehmina akavua viatu, akaviweka pembeni ya raba za Zarqa, akaingia.